Nodi Zinazohudumika

Tarehe 3 Juni

Baba,

Niwie radhi kwa kimya hiki kirefu. Barua zako mbili ziko mezani pangu, na kila nikizitazama nafsi inanisuta. Kimya cha miezi ya mwanzo kilikuwa uvivu tu. Cha siku hizi si uvivu. Tangu mwisho wa mwezi uliopita kazi imetulemea, nami nalala hapa hapa kituoni, kwenye kochi la wageni ambalo Betri amelibatiza "wodi ya mahututi". Betri ni yule fundi mwenzangu niliyekusimulia, mtu wa makamo asiyejua kuchoka.

Siku ya operesheni ya Mama nilimpigia jirani, akaniambia imekwisha salama. Nilishukuru, nikasema nitaandika kesho. Kesho yake ndiyo hii.

Nina swali la sarufi. Nijibu kama ulivyokuwa ukijibu darasani, bila kunionea huruma. Unakumbuka nilikuletea ule mwongozo wa mafundi uupitie, niliowafasiria wenzangu wasioelewana na Kiingereza? Kulikuwa na amri moja ya kuandikwa kwenye kompyuta ili ituorodheshee nodi, yaani zile mashine zetu nne zilizounganishwa zitunze kumbukumbu kama mashine moja. Mimi niliandika: "orodha ya nodi zinazofikika kwa ajili ya matengenezo". Wewe ukapiga mstari, ukaweka "nodi zinazohudumika". Je, mtu akisikia kwa masikio tu kwamba nodi "zinahudumika", ana haki ya kuelewa kwamba ni nzima na zinafanya kazi?

Ukimaliza kuandika, mpe dereva wa gari la dawa. Huja huku mara mbili kwa wiki, na ni mwaminifu kuliko posta. Mweleze Mama kwamba nakula.

Binti yako


Tarehe 7 Juni

Binti yangu,

Kimya chako kimesamehewa, ila hakijasahauliwa.

Umeandika "mweleze Mama kwamba nakula". Mtu huelezwa jambo linalohitaji ufafanuzi. Kwamba unakula ni habari tu, na habari mtu huambiwa. Ungeandika "mwambie". Nimemwambia, naye hakuamini.

Nakuja kwenye swali lako. Kauli ya kutendeka ina kazi mbili. Huonyesha hali iliyokwisha kufikiwa, kama tusemapo kikombe kimevunjika. Huonyesha pia uwezekano: njia inayopitika ni ile inayoweza kupitwa, na mwandiko unaosomeka ni ule unaoweza kusomwa. "Zinazohudumika" limo katika kundi hili la pili. Ni nodi zinazoweza kuhudumiwa. Na anayehudumiwa ni nani? Ni mwenye haja. Mzima hahudumiwi. Msikilizaji wako amechanganya kuhudumika na kutumika, akadhani kwamba kama kinachotumika ni kile kilichomo katika matumizi, basi kinachohudumika ni kile kilichomo katika huduma. Hana haki hiyo. Neno langu ni fupi, ni safi, wala halina kosa. Sentensi yako ilikuwa na mkia mrefu kuliko ng'ombe mwenyewe.

Ni nani huyo aliyeelewa vibaya? Mwambie anunue kitabu cha sarufi.

Mama yako hajambo. Kidonda kimefunga. Sasa ilikuwa aanze mionzi, lakini tumekwenda hospitali mara mbili na mara zote mbili tumerudishwa. Karani anasema, "Mzee, mtandao hakuna." Nilimuuliza kama anakusudia kusema hakuna mtandao, au kwamba mtandao upo lakini haufanyi kazi, kwa maana hayo ni mambo mawili. Alinitazama kama niliyemwomba figo. Watu wamejaa mabenchini hadi nje ya mlango. Wewe ni mtu wa mitambo: inawezekana mtandao ukatike wiki nzima na zaidi?

Mama yako hana maumivu yoyote.

Baba yako


Tarehe 11 Juni

Baba,

Asante kwa jibu. Limeeleweka.

Naomba unijibu jambo jingine, na tafadhali usiniulize sababu kwa sasa. Picha za Mama, zile alizopigwa kwenye mashine kubwa kabla ya operesheni, zilipigwa lini? Ilikuwa mwezi wa tatu au wa nne? Kama ni wa nne, ilikuwa mwanzoni au mwishoni? Na daktari ana nakala yoyote mkononi mwake: karatasi, sidii, hata picha aliyoipiga kwa simu yake?

Usimuulize karani. Muulize daktari mwenyewe.

Kuhusu mtandao, mambo hayo hutokea.

Umeandika kwamba Mama hana maumivu "yoyote". Baba, tangu nikiwa mdogo ulinifundisha kwamba neno lisilo na kazi likiingia katika sentensi, limeingia kuficha kitu.

Binti yako


Tarehe 14 Juni

Kitinda wangu,

Baba yako ametoka kwenda kunyolewa, nami nimeinyakua kalamu yake. Huu mwandiko mkubwa ni wa haraka, usije ukadhani nimekuwa kipofu. Ningekupigia kwa simu ya jirani, lakini jirani yetu ana masikio marefu kuliko ulimi wangu, na ulimi wangu unaujua.

Barua yako ameisoma mpaka imelegea. Tangu jana ananihoji tarehe kama polisi. Basi chukua mwenyewe: picha nilipigwa mwezi wa nne ukiwa unakwisha, na wakanikata mwanzoni mwa wa tano. Sidii hakuna. Nilimwomba yule bwana wa picha, akasema, "Mama, siku hizi hatutoi sidii, kila kitu kinakwenda moja kwa moja kwenye hifadhi kuu." Nikamwambia, "Hifadhi kuu ipi? Ile anayoilinda binti yangu?" Akasema ndiyo hiyo hiyo. Mwanangu, nilijigamba! Nilitoka pale natembea kama niliyepewa cheo.

Sasa nikwambie asilokwambia baba yako. Maumivu ninayo. Yeye anakudanganya kwa sarufi nzuri. Nikilala upande wa kushoto naona nyota. Daktari kanieleza vizuri, maana nimemkatalia yale maneno ya "tutaona". Anasema mionzi inatakiwa ilenge pale uvimbe ulipokuwa. Lakini uvimbe si umeshatolewa? Akipiga picha mpya anaona nyumba iliyohamwa, hajui mpangaji alilala chumba kipi. Picha za kwanza ndizo zinazojua. Bila hizo atakuwa anachoma kwa kubahatisha, na kuchoma kwa kubahatisha hataki. Wala kungoja sana hataki. Anasema kilichobaki ni mbegu, na mbegu haina subira.

Pale benchini nimepata rafiki, namwita Kofia kwa sababu haivui hata akioga, nadhani. Yeye mionzi alishaianza tangu mwezi wa tatu mwishoni, akapumzishwa kidogo, akarudi, ikamkatikia njiani. Ananiambia, "Wewe afadhali hujaanza. Mimi nimeiva upande mmoja kama mkate uliosahauliwa." Tunacheka, lakini nimeona mikono yake inavyoubana mkoba wake.

Kitinda, mimi sijui mashine. Ila nimekuzaa, na kimya chako nakijua rangi. Huo unaoitwa mtandao ni mtandao kweli, au ni ninyi?

Mama yako


Tarehe 18 Juni

Mama,

Ni sisi. Ni mimi.

Nitakueleza polepole, na safari hii "kueleza" ndilo neno lenyewe.

Picha za hospitali zote za huku na za huko kwenu zinatunzwa katika mashine zetu. Kila mashine ina pacha wake; za picha ni nodi ya kwanza na ya pili. Picha ikiingia katika nodi ya kwanza, inanakiliwa papo hapo katika nodi ya pili, ili mmoja akifa mwenzake abaki na kila kitu. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini mwanzoni mwa mwezi wa nne nodi ya pili ilikwama. Haikufa. Iliacha tu kupokea, ikakaa inasubiri fundi aihudumie. Ilituma taarifa kwa mhandisi aliyekwisha kuacha kazi, na hakuna aliyezisoma. Kwa hiyo tangu siku hizo kila picha mpya iliingia katika nodi ya kwanza peke yake, nasi tukiamini ziko mbili.

Mwishoni mwa mwezi wa tano tulitakiwa kuiondoa nodi ya kwanza kwa sababu ya uzee. Betri alikuwa katika chumba cha mashine, mimi nilikuwa kikaoni ghorofa ya juu. Simu ikatetema, nikatoka mlangoni. Maneno yenyewe ni haya, kwa sababu nimeyasikia tena na tena tangu siku ile:

"Dada, niko mbele ya huyu kikongwe. Nimchomoe, au tumwache ale pensheni yake humu humu?"

"Umeita orodha?"

"Nimeita."

"Zote zinahudumika?"

"Zote zinahudumika, dada. Zimejipanga kama wanafunzi siku ya mkaguzi."

"Basi chomoa."

Mama, hakunidanganya. Orodha ile huonyesha kila nodi inayoweza kufikiwa na fundi, nzima na mgonjwa. Pembeni kuna safu ndogo inayosema hali ya kila moja, na pale nodi ya pili ilikuwa imeandikwa kwamba inasubiri matengenezo. Betri alisoma kichwa cha orodha katika ule mwongozo wetu, akaona "nodi zinazohudumika", akafurahi. Mimi niliyeufasiri najua maana yake. Lakini mlangoni pa kikao, simu sikioni, mkuu wangu akinipungia mkono nirudi, nilisema "zinahudumika" nikimaanisha "zinafanya kazi". Neno lilitoka kinywani mwangu kwanza, naye akanirudishia kama lilivyo.

Akaichomoa. Kisha akaipeleka kwenye meza ya kufutia, kwa sababu mashine inayotoka nje hairuhusiwi kubeba siri za wagonjwa. Simu za hospitali zilipoanza kulia, kufuta kulikuwa kumeshaanza. Tuliisimamisha kazi hiyo, lakini haikuwa mara moja.

Sasa ninazo mbili. Nodi ya pili ni nzima, ila kumbukumbu zake zinaishia mwanzoni mwa mwezi wa nne. Nodi ya kwanza ina kila kitu hadi siku ile, ila imejeruhiwa, na majeraha yake hayajulikani yako wapi. Ili hifadhi ifunguke, lazima niuambie mfumo ni ipi ya kuaminiwa. Nikishaitaja, itamwandika upya pacha wake, na kilichokuwamo ndani ya huyo pacha hakitarudi.

Nikiitaja ya pili, wote walioingia kabla ya mwezi wa nne wanarudi salama, pamoja na rafiki yako Kofia. Waliopigwa picha baada ya hapo wanapotea. Nikiitaja ya kwanza, huenda wote wakarudi, na wewe ukiwamo. Huenda pia ikafia njiani ikiwa imekwisha kuiharibu ya pili. Hapo hatabaki mtu.

Utaniuliza kwa nini nisinakili zote mbili pembeni kwanza. Kwa sababu kumbukumbu hizo ni kubwa kuliko diski zote tulizonazo, na mfumo haukubali kuzitoa kipande kipande. Nimeomba kuazima. Nimejibiwa kwamba ombi langu ni zuri na litapelekwa kwenye kikao.

Mkuu amenikabidhi uamuzi huu kwa kuwa mimi ndiye ninayeujua mfumo. Hajui kwamba mama yangu yumo. Nimemwambia kwamba ruhusa ya kuchomoa niliitoa mimi, ili wasimfukuze Betri. La pili sijalisema, kwa sababu nikilisema ataniondoa, nami sijui kama naogopa kuondolewa au nakuombea.

Usimwonyeshe Baba. Nikimwambia neno ni lipi, atalichukua lote peke yake.

Kitinda wako


Tarehe 21 Juni

Binti yangu,

Mama yako alinipa barua yako nimsomee, akisingizia macho. Macho yake hayana tatizo. Hutofautisha chawa na ufuta gizani. Alitaka nijue, wala hakutaka kuwa yeye wa kuniambia. Nilisoma kwa sauti hadi nilipofika kwenye orodha, nikaendelea kimya, naye akaniacha.

Neno lile ni sahihi. Nimelipima tena kwa kila kanuni ninayoijua, nikitafuta kosa, nikitamani kosa. Halina. Ni sahihi hata sasa, na ndiyo maana siwezi kulitazama. Sentensi yako ya mkia mrefu isingemchanganya mtu yeyote. Niliikata kwa sababu haikunipendeza machoni. Zaidi ya hapo sitasema juu yake, kwa kuwa kusema ni kujitafutia nafuu, na anayehitaji nafuu katika nyumba hii si mimi.

Sikiliza. Itaje nodi ya kwanza.

Sikuombi. Nakuagiza.

Najua utakalojibu, kwa kuwa nimekufundisha mwenyewe. Utasema kuna wengine. Nawajua hao wengine. Nimekaa nao. Yule mwenye kofia husogea kila tukifika ili mimi, mtu mzima, nipate pa kukaa. Namjua kwa sauti, kwa kikohozi na kwa namna anavyomkejeli mama yako, na bado nakwambia: itaje ya kwanza. Ndipo nilipofikia. Miaka yote nilisimama mbele ya watoto wa watu nikiwaambia kwamba kanuni haichagui mtu. Walinukuu katika madaftari yao. Sasa naona niliwafundisha kwa sababu ilikuwa bado haijanigusa.

Mama yako hanung'uniki. Halali upande wa kushoto, na akilala wa kulia hunishika mkono wa fulana. Tangu tuoane nimekuwa nikimsahihisha: anasema "mtandao hakuna", nasema "hakuna mtandao", anasema "nimeshakulaga", nasema "nimekwisha kula". Sasa hasemi, nami sina cha kusahihisha. Nyumba imekuwa kimya kwa namna ambayo

Ukitaka nimwandikie mkuu wako barua, nitaiandika. Nitamweleza kwamba neno ni langu. Kama anamtafuta wa kumwadhibu, niko, sina kazi ya kufukuzwa, lakini anaweza kutafuta kitu kingine.

Itaje ya kwanza, mwanangu.

Baba yako


Tarehe 21 Juni, nyuma ya karatasi hiyo hiyo

Kitinda,

Ameniachia bahasha nimpe dereva, akasahau kuifunga. Yeye! Kuna sentensi ameiacha katikati bila hata nukta. Nimeitazama kuliko zote.

Usimtii, wala usimkasirikie. Anaogopa, na hofu yake imevaa suti.

Ulitegemea nikuandikie kwamba nimeridhika, okoa wengine, mimi nimeshaishi. Mama wa hivyo sio mimi. Nataka kuishi. Nataka nife uzeeni nikimsumbua mkwe, na mkwe mwenyewe hujaniletea. Sioni haya kulisema.

Halafu nikamwambia Kofia. Ndiyo, nimemwambia yote, benchini, alikuwa na haki. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaivua kofia, akaiweka magotini. Kichwa chake ni kidogo kama cha mtoto. Akasema, "Basi mwanao ana kazi." Nikamwambia anayo. Akasema, "Ningekuwa mimi ndiye mwenye binti pale, ningemwambia aniokoe mimi, na wewe ningekuaga kwa adabu zote." Nikamwambia, "Adabu zako kaa nazo." Tukacheka mpaka nesi akaja kutunyamazisha, akadhani tunalia. Hakukosea sana.

Kwa hiyo mimi sisemi. Nikisema ya kwanza na wote wakapotea, utasema Mama alitaka. Nikisema ya pili nami nikaenda, utasema Mama alikubali. Sitaki kuwa shahidi wako, mwanangu. Nataka kuwa mama yako tu.

Ila mkuu wako mwambie. Hilo la kuficha litakula usingizi wako hata kama kila mtu atapona.

Na ule kweli. Si kwa maandishi.

Mama


Tarehe 25 Juni

Baba na Mama,

Nimemwambia mkuu. Nilimkuta akinywa chai amesimama, kwa maana siku hizi hakai. Nilimwambia, "Miongoni mwa watakaopotea tukiitaja ya pili yumo mama yangu." Aliweka kikombe juu ya kabati la faili.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu katikati ya mwezi."

"Ungeniambia siku ile ningekuondoa."

"Niondoe sasa."

"Nikuondoe nimweke nani? Betri?"

Betri alikuwa mlangoni. Tangu siku ile hatanii tena. Alisema, "Mkuu, mimi nikiambiwa nibonyeze, nabonyeza. Kuchagua siwezi. Nilishachagua mara moja kwa kusoma kichwa cha habari." Mkuu akatutazama wote wawili, akasema uamuzi unabaki kwangu, na kwamba kuanzia sasa anajua nauamua nikiwa nani. Hakulisema kwa ubaya. Ningependa kama angelisema kwa ubaya.

Baba, usimwandikie. Nimekwisha kulibadilisha neno katika mwongozo, nikairudisha sentensi yangu yenye mkia. Karatasi mpya imebandikwa kwenye ukuta wa chumba cha mashine. Hakuna atakayechanganyikiwa tena, na hilo halimponyi mtu.

Nodi ya kwanza inazidi kufifia. Kila tukiiwasha inasoma kidogo kuliko ilivyosoma jana. Jana nilifanya jambo ambalo sikupaswa kulifanya: kabla haijazimika, nilitafuta jina lako, Mama. Lilikuwapo. Jina lako, umri wako, siku uliyopigwa picha. Nilikaa nikilitazama mpaka Betri akaja kuzima, kwa kuwa kuiacha ikiwaka ni kuimaliza. Lakini jina ni jalada tu. Kama ndani yake picha ni nzima au ni tupu, hilo halijulikani mpaka nodi hiyo itajwe na pacha wake aandikwe upya. Kulijua ndiko kuchagua.

Nilitamani nisilione. Nisingeliona, ningesema pengine lilikwisha kufutwa, na kuitaja ya pili kusingekuwa kukuacha. Nimeliona.

Kisha nikatafuta la Kofia, nikakumbuka kwamba silijui jina lake. Nilikaa mbele ya kompyuta nikijaribu kumwona katika majina ya watu waliokatiziwa mionzi, na kila jina nikalivalisha kofia.

Kikao cha kuazima diski kimesogezwa hadi wiki ijayo. Nodi ya kwanza haitafika wiki ijayo. Wahandisi wa kiwanda walioitengeneza wamejibu kwa upole kwamba hali kama yetu haijaelezwa katika vitabu vyao, na kwamba mwenye data ndiye mwenye kuamua. Mwenye data! Nilitaka niwaandikie kwamba wenye data wamekaa benchini na vikoba magotini.

Baba, agizo lako nimelipokea. Ni agizo lako la kwanza ambalo sikuona kanuni ndani yake, na nimelisoma kuliko yote. Mama, kutosema kwako nako nimekupokea. Nimeweka karatasi moja juu ya meza, upande mmoja unaniagiza na upande wa pili unaninyamazia, na nimegundua kwamba siwezi kuzisoma pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Kesho mchana hospitali zinataka jibu. Amri yenyewe ni mstari mmoja. Nimeshaiandika yote isipokuwa tarakimu ya mwisho.

Dereva ataondoka kesho jioni, nimemwomba asiondoke bila kunipitia. Nikishaamua nitawaandikia mimi mwenyewe, kabla jirani hajasikia kwa mtu mwingine. Msilitafute jibu katika salamu zangu. Barua itaanza "Baba na Mama", vyovyote nitakavyokuwa nimeamua.

Binti yenu